Mashine ndogo za CNC: Jinsi ya kufunga mfumo wa kukusanya vumbi kwa vifaa vya Kikuubo

KAMPALA – Mashine ndogo za kuchonga mbao zinazoongozwa na kompyuta, maarufu kama CNC, zimeingia katika karakana za mji huu, kuanzia kwa watengeneza mabango wa Nasser Road hadi kwa maseremala wa Ndeeba. Mashine hizo huja kwenye sanduku zikiwa na fremu, mota, nyaya na programu. Kitu kimoja mara nyingi hakimo sandukuni: njia ya kuondoa vumbi. Mnunuzi hugundua pengo hilo anapowasha mashine kwa mara ya kwanza na kuona chumba kizima kimebadilika rangi.

Makala hii inaeleza mfumo wa kukusanya vumbi unavyofungwa kwenye mashine ya aina hiyo, vifaa gani vinapatikana Kikuubo na mitaa ya jirani, vipi vitafutwe kwingine, na ni wapi wanunuzi wengi hutupa fedha zao. Tuseme mapema kwamba fedha nyingi hutupwa kwenye nguvu ya mota ya kufyonza, ilhali kinachoamua usalama wa mapafu ya mfanyakazi ni filta. Muuzaji atakutajia wati. Wewe muulize habari za filta.

VUMBI LENYEWE

Kiini cha mashine ya CNC ni mota inayozungusha kisu, ambayo mafundi huiita spindeli. Spindeli za mashine ndogo huwa na nguvu ya wati 500, 800, 1,500 au 2,200, na nyingi huzunguka hadi mara 24,000 kwa dakika. Seremala anayetumia randa ya mkono hupata maranda makubwa yanayoanguka miguuni pake. Biti ya milimita 3 au 6 inayozunguka kwa kasi hiyo husaga mbao kuwa unga, hasa ikiwa imepoteza makali au ikiwa mashine inasogea polepole mno.

Unga unaoonekana kwa macho si tatizo kubwa, kwani hufagiwa. Tatizo ni chembe za chini ya maikroni 10 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ambazo hupita puani na baadhi yake kufika ndani kabisa ya mapafu. Katika hewa iliyotulia, chembe ya maikroni 5 huchukua takriban nusu saa kushuka mita moja na nusu. Chembe ya maikroni 1 huchukua karibu saa 12. Kwa maana hiyo, mfanyakazi anayeingia asubuhi katika karakana iliyofungwa jana jioni anaweza kuwa bado anavuta kazi ya jana.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao mwaka 1995 katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Ushahidi ulianza kukusanywa mapema zaidi: katika miaka ya 1960 madaktari wa Uingereza waliona saratani adimu ya pua ikijitokeza kupita kiasi miongoni mwa watengeneza samani wa eneo la High Wycombe. Ukanda wetu nao una ushahidi wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 kuhusu wafanyakazi wa viwanda vidogo vya mbao nchini Tanzania ulionyesha kuwa walikuwa na dalili za matatizo ya kupumua kuliko wafanyakazi wa ofisini waliolinganishwa nao.

Aina ya mbao nayo ina maana. Mvule, unaopendwa kwa milango na samani za heshima, ni miongoni mwa mbao ambazo vumbi lake linajulikana kuwasha ngozi na kuamsha pumu. Ubao wa MDF, ambao ndio chakula kikuu cha mashine hizi kwa kuwa hauna nyuzi wala mafundo, hutoa unga mwembamba kuliko mbao nyingi, na gundi yake kwa kawaida ina formaldihaidi, kemikali ambayo IARC iliihamishia kundi la kwanza mwaka 2004.

Kwa upande wa sheria, nchi zetu tatu za mwanzo za jumuiya zote zina sheria ya usalama na afya mahali pa kazi: Tanzania ya mwaka 2003, Uganda ya mwaka 2006 na Kenya ya mwaka 2007. Wanaotaka kipimo cha kulinganisha watazame Uingereza, ambako kikomo cha vumbi la mbao ngumu ni miligramu 3 kwa kila mita ya ujazo ya hewa kwa wastani wa saa 8, au Umoja wa Ulaya, ambako kikomo hicho kimekuwa miligramu 2 tangu mwaka 2023. Miligramu 2 ni kiasi kidogo sana. Huwezi kukiona kwa macho, na hapo ndipo hoja ya filta inapoanzia.

SKETI YA BRASHI

Mfumo mzima una sehemu nne zinazofuatana: sketi inayozunguka biti, mpira wa kupitisha hewa, ndoo ya kunasa unga mzito, na mashine ya kufyonza (vakyumu) yenye filta. Sketi ndiyo sehemu pekee ambayo fundi anapaswa kuitengeneza mwenyewe, na ndiyo inayoharibiwa zaidi kwa haraka ya kuanza kazi.

Ni kipande bapa kinachovikwa kwenye mwili wa spindeli, chenye tundu la kupitisha biti, tundu la pili la kuunganisha mpira, na brashi iliyoning'inia kuzunguka ukingo wote. Mwili wa spindeli za wati 800 kwa kawaida una kipenyo cha milimita 65, na wa wati 2,200 una milimita 80. Za wati 1,500 huja kwa vipimo vyote viwili, kwa hiyo pima kwanza. Tundu la spindeli hukatwa likiwa na ufa upande mmoja, kisha bolti moja hukaza kipande hicho mwilini kama kola ya shati.

Malighafi nzuri kuliko zote kwa kazi hii inauzwa Kikuubo kama chombo cha jikoni: ubao mnene wa plastiki nyeupe wa kukatia mboga. Plastiki hiyo hukatika vizuri kwa mashine hiyohiyo ya CNC, haipasuki kama akriliki, haivimbi kwa unyevu kama MDF, na bolti hukaa. Tafuta wenye unene wa milimita 10 au zaidi. Muuzaji atashangaa kukuona ukiupima kwa rula.

Brashi hutafutwa kwa wauza vifaa vya milango, ambako kuna ukanda wa nywele za plastiki unaofungwa chini ya mlango kuzuia vumbi na wadudu. Chukua wenye nywele laini. Nywele ngumu za ufagio wa nje huibana kazi, na kama unachonga plaiwudi nyembamba ambayo haikubanwa vizuri, zinaweza kuisogeza. Urefu wa nywele upangwe hivi: biti inapoanza kugusa mbao, ncha za nywele ziwe zimeshafika na kujikunja kidogo. Biti inavyozama ndani, nywele zinaendelea kujikunja. Kwa kazi za kawaida za mabango, ambazo hazizidi milimita 18 za kina, nywele za milimita 30 hadi 40 zinatosha.

Hapa kuna uamuzi mmoja wa kufanya. Sketi iliyofungwa kwenye mwili wa spindeli hupanda na kushuka pamoja na biti. Ni rahisi kutengeneza, lakini kwenye kazi ya kina kirefu nywele hubanwa sana, na biti inapoinuka brashi nayo huinuka na vumbi likatoka. Sketi iliyofungwa kwenye behewa, yaani sehemu inayokwenda kushoto na kulia bila kupanda wala kushuka, hubaki palepale huku spindeli ikiteleza ndani yake. Hiyo hukusanya vizuri zaidi, ila inadai vipimo sahihi na nafasi ambayo mashine nyingi ndogo hazina. Kwa mtu anayeanza, ya kwanza inatosha.

Spindeli inayopozwa kwa hewa ina feni yake juu, na feni hiyo husukuma hewa kuelekea chini, palepale unapotaka kufyonza. Wengi hufunga sketi, wakaona vumbi linaruka vilevile, wakalaumu vakyumu. Dawa yake ni kuhakikisha sehemu ya juu ya sketi imeziba kabisa pande zote za mwili wa spindeli, ili upepo wa feni ugonge juu ya sketi na kutawanyika pembeni bila kuingia ndani. Kipande cha mpira wa ndani wa tairi kilichokatwa tundu dogo kidogo kuliko spindeli huziba vizuri. Spindeli inayopozwa kwa maji haina tabu hiyo, ingawa ina tabu zake za pampu na mipira ya maji.

Usizibe sketi chini, hata hivyo. Hewa inayotoka lazima iwe na mahali pa kuingilia, na inaingia kati ya nywele za brashi. Sketi isiyopitisha hewa haifyonzi kitu.

Kabla ya kukata, zungusha sketi kwa mkono hadi pembe zote nne za meza. Sketi hupunguza eneo la kazi kwa sentimita kadhaa, hugonga swichi za mwisho wa reli, na zaidi ya yote hugonga vibano vinavyoshikilia mbao. Vibano virefu vya chuma huvunja sketi siku ya kwanza. Tumia vibano vifupi au gundi ya utepe wa pande mbili. Na kwa kuwa biti hubadilishwa mara kwa mara, fanya sehemu ya chini yenye brashi iwe ya kubandua, ikishikwa na sumaku ndogo nne hadi sita. Ikigongwa, sumaku zitaachia kabla plastiki haijavunjika.

MPIRA NA HESABU YA HEWA

Unga wa mbao unahitaji hewa inayokwenda takriban mita 20 kwa sekunde ndani ya bomba ili usitulie njiani na kuziba. Kutokana na kasi hiyo, unene wa mpira ndio unaosema unahitaji hewa kiasi gani. Mpira wa milimita 38 unadai mita za ujazo 82 kwa saa. Wa milimita 63 unadai 224. Bomba la milimita 100, lile la mashine kubwa za mifuko, linadai 565.

Hesabu hii inaonyesha kosa linalofanywa mara nyingi. Mtu hununua vakyumu ya kawaida, kisha akaunganisha bomba la milimita 100 kwa kuamini kuwa bomba nene litavuta zaidi. Vakyumu ina mvuto mkali lakini hewa kidogo, hivyo ndani ya bomba nene kasi hushuka na unga hutulia chini. Mashine ya mfuko iko kinyume chake: hewa nyingi, mvuto dhaifu, na ukiibana kwenye mpira wa milimita 32 haipitishi kitu. Kwa mashine ya CNC yenye meza isiyozidi mita moja, vakyumu pamoja na mpira wa milimita 38 hadi 50 ndiyo ndoa inayodumu. Meza ya mita 1.3 kwa 2.5 ni biashara nyingine, na mwenye meza hiyo anunue mashine ya mfuko iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Fungua kopo la vipimo kabla ya kulipa. Vakyumu huja na matundu ya milimita 32, 35 au 38, ilhali mabomba ya PVC yanayouzwa na wauza vifaa vya maji yana vipimo vyake. Havikutani. Kipande cha mpira wa ndani wa tairi kikifungwa kwa klipu mbili za mpira humaliza ugomvi huo. Mpira wa kutolea maji kwenye mashine ya kufulia ni mwembamba mno, usiuchukue hata ukipewa bure.

Uzito wa mpira usiachiwe mashine. Uning'inize darini juu ya katikati ya meza, ukiushika kwa ule utepe wa mpira ambao waendesha boda boda hufungia mizigo. Mashine ndogo zina reli dhaifu, na mpira unaoburutwa huonekana kwenye herufi zilizochongwa kama mawimbi. Mteja wa bango hatajua sababu, ila atajua herufi zimepinda.

NDOO

Kati ya sketi na vakyumu weka ndoo yenye kifuniko kinachokaza, na juu yake koni ya saikloni. Hewa huingia kwa ubavu, ikazunguka, unga mzito ukatupwa pembeni na kuangukia ndooni, na hewa yenye vumbi jepesi ikaendelea kwenye vakyumu. Koni za plastiki huagizwa China kwa mtandao, na mafundi bati wa Kisenyi wanaweza kukunja ya bati ukiwapelekea mchoro wenye vipimo. Faida yake ni ya kifedha: filta ya vakyumu haizibi kila nusu saa.

Ndoo yenyewe iwe ile nene ya rangi ya lita 20. Ndoo nyepesi ya kuogea haifai, na sababu ni hii. Vakyumu nzuri mpira wake ukiziba huweza kuvuta hadi kilopaskali 20. Kwenye kifuniko cha kipenyo cha sentimita 30, mvuto huo ni sawa na uzito wa kilo 144, yaani karibu mifuko mitatu ya saruji imewekwa juu ya ndoo. Ndoo nyepesi hukunjamana kwa mlio unaoshtua jengo zima. Ndani ya ndoo nene weka pete mbili za mbao kama tegemeo, na usalama utaongezeka.

Saikloni haikamati vumbi la hatari. Hili lisisitizwe, kwa sababu ndoo iliyojaa humfanya mtu aamini kazi imekwisha. Kilichojaa ndooni ni kile ambacho kingeanguka sakafuni hata hivyo.

VAKYUMU NA FILTA

Vakyumu za nyumbani, zile zenye mfuko wa karatasi, hupoza mota yake kwa hewa ileile iliyofyonzwa. Filta ikiziba, mota haipati hewa na huungua. Mwandishi wa makala hii aliwahi kununua moja kwa ajili ya mashine yake ndogo ya nyumbani, na ikazimika mwezi wa pili katikati ya kazi. Duka, ambalo hatulitaji, lilisema dhamana haihusu vumbi. Mashine ya kufyonza vumbi, dhamana haihusu vumbi.

Aina inayofaa ni ile ya kufyonza maji na vumbi, ambayo mota yake ina njia yake yenyewe ya kupoa. Kampala ina soko la aina hiyo kwa sababu ya waosha magari na wasafisha mazulia, na ndiyo maana kaboni za mota na mipira yake hupatikana bila kuagiza nje. Bango moja kubwa linaweza kuchukua saa tatu kuchongwa. Mota hizi za kaboni hazikuundwa kufanya kazi saa tatu mfululizo kila siku, kwa hiyo weka akiba ya kaboni kabatini na uache mashine ipumzike kati ya kazi na kazi.

Sasa filta. Vakyumu nyingi za maji na vumbi huja na sponji au kitambaa. Sponji ni ya maji. Kitambaa hunasa maranda na kuachia unga mwembamba upite, ukatoka nyuma ya mashine kwa kasi kubwa na kusambaa chumba kizima kwa ufanisi kuliko kama usingefyonza kabisa. Hii ndiyo karakana inayoonekana safi huku watu wake wakikohoa. Kwenye mashine za mfuko hali ni hiyohiyo: mfuko wa maikroni 30 hushika maranda na kuruhusu kile kinachoua. Tafuta wa maikroni 1, au angalau 5.

Kwa vakyumu, viwango vya Ulaya vinagawa mashine katika madaraja matatu. L inanasa asilimia 99 ya vumbi la kipimo, M asilimia 99.9, na H asilimia 99.995. Kwa vumbi la mbao wataalamu wa Uingereza hupendekeza M. Filta ya karatasi iliyokunjwa yenye alama ya HEPA inapaswa kunasa asilimia 99.97 ya chembe za maikroni 0.3, lakini neno hilo huandikwa kwenye maboksi kwa ukarimu mno. Angalia kama kuna mpira wa kuziba ukingoni. Filta nzuri isiyoziba ukingoni ni sawa na mlango mzuri usio na fremu.

Hapa ndipo Kikuubo inapofika mwisho wake. Kichochoro hiki, na neno kikuubo kwa Kiganda lina maana hiyohiyo, kinaishi kwa bidhaa zinazotoka haraka: sabuni, biskuti, mafuta ya kupikia, vyombo vya plastiki. Filta ya vakyumu ya aina fulani inauzwa mara chache, kwa hiyo mwenye duka la jumla hana sababu ya kuiweka. Anayetoka Juba, Bunia au Kisumu kuja kununua asitegemee kuipata kwa kuzunguka maduka. Inunuliwe kwa muuzaji wa mashine, mbili kwa mpigo, siku ileile ya kununua vakyumu. Kama vakyumu haina filta ya akiba dukani, hiyo si ya kununua hata kama bei ni nzuri.

Kuna njia moja ya bei nafuu inayoshinda filta zote: weka vakyumu nje ya chumba, chini ya kibanda, na upitishe mpira ukutani. Hewa chafu inatoka nje na kelele zinatoka nayo. Kwenye majengo ya ghorofa yaliyobanana ya katikati ya mji haiwezekani, na jirani anayeuza nguo hatakubali. Kwa karakana yenye ua, ni suluhisho la kwanza kufikiria.

Barakoa za hospitali zinazouzwa kwa boksi Kikuubo hazizibi pembeni na hazitoshi. Iliyo na alama ya FFP2 au N95 ndiyo ya chini kabisa kwa kazi hii, na ivaliwe hasa wakati wa kumwaga ndoo na kusafisha filta, saa ambazo vumbi huwa jingi kuliko wakati wa kuchonga.

UMEME NA MOTO

Spindeli ya wati 2,200 na vakyumu ya wati 1,400 kwa pamoja ni wati 3,600, ambazo kwa volti 240 ni ampea 15. Soketi ya kawaida ni ampea 13. Kuunganisha vyote kwenye ekstensheni moja ni kupika waya. Kila kimoja kipewe soketi yake, ikiwezekana kwenye mstari tofauti.

Unga unaopita ndani ya mpira wa plastiki huzalisha umeme tuli. Wataalamu hawakubaliani kuhusu hatari ya mlipuko katika karakana ndogo, kwani inahitaji vumbi jingi mno hewani, makumi ya gramu kwa kila mita ya ujazo. Hasara ambayo mwenye mashine ataiona ni tofauti: cheche ndogo hukata mawasiliano kati ya kompyuta na mashine, kazi ya saa mbili ikasimama katikati na ubao ukapotea. Waya mwembamba wa shaba uliopitishwa kwenye mpira kutoka sketi hadi waya wa athi hupunguza tatizo hilo, pamoja na kutumia kebo yenye ngao kati ya spindeli na kisanduku chake cha VFD.

Moto ni hatari ya kweli. Biti butu ikisugua mbao bila kusogea hutoa kaa dogo, vakyumu hulifyonza, na kaa hilo hulala kwenye unga ndani ya ndoo likifuka hadi usiku. Moto wa Gikomba, Nairobi, wa Juni 2018 uliua watu 15. Hatusemi vumbi lilihusika, tunasema masoko na karakana zetu zimebanana namna hiyohiyo. Mwaga ndoo kila jioni kabla ya kufunga, uiweke nje. Na usichonge alumini kisha mbao kwa ndoo ileile: chuma cha moto juu ya unga mkavu ni kiberiti.

KWA WANAOVUKA MPAKA

Anayeagiza kutoka nje ya jumuiya atenganishe vitu kwenye ankara. Mashine za kuchonga mbao ziko kwenye kichwa 8465 cha orodha ya forodha, na vakyumu kwenye 8508. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki una viwango vya asilimia 0, 10, 25, na tangu Julai 2022 asilimia 35. Tofauti si ndogo. Tuseme mzigo wa thamani ya shilingi milioni 1 umefika Uganda. Ukiwekwa kwenye asilimia 0 na kutozwa VAT ya asilimia 18, gharama ni shilingi 1,180,000. Ukiwekwa kwenye asilimia 25, gharama ni 1,475,000, bila ada nyingine. Ankara iliyoandikwa tu "vifaa vya CNC" inamwachia ofisa wa forodha aamue, na uamuzi wake hautakuwa wa kukuhurumia.

Cheti rahisi cha uasilia, kinachotumika kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ni kwa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya jumuiya. Vakyumu ya China iliyolipiwa ushuru Kampala haigeuki kuwa bidhaa ya Afrika Mashariki kwa kupita Kikuubo. Wafanyabiashara wa Kongo, nchi iliyojiunga na jumuiya mwaka 2022, wamejikuta wakijifunza tofauti hii mpakani. Dai risiti ya EFRIS pia, hata kama muuzaji anakupa bei nyingine bila risiti. Ndiyo ushahidi wako pekee wa ulichonunua na bei uliyolipa, Mpondwe au Busia.

KUPIMA NA KUTUPA

Baada ya kufunga kila kitu, subiri giza. Washa mashine, chonga kipande cha MDF, kisha mulika tochi yenye mwanga mwembamba kutoka ubavuni, wewe ukitazama kuelekea kwenye mwanga. Vumbi ambalo mchana halionekani litang'aa kama moshi. Mulika kwanza kuzunguka sketi, kisha nyuma ya vakyumu. Likionekana kwenye sketi, rekebisha brashi na mpira wa kuziba. Likionekana nyuma ya vakyumu, filta haifai, na kuongeza wati hakutasaidia.

Linabaki suala la ndoo iliyojaa. Wafugaji wa kuku huja karakana kutafuta unga wa mbao wa kutandika mabandani, na maseremala huwapa au kuwauzia. Maranda makavu ya mbao za kawaida hayana neno. Unga wa MDF usiwape: ni mwembamba mno kwa mapafu ya vifaranga na una gundi. Wa mbao zilizotiwa dawa ya mchwa usiwape pia. Weka ndoo mbili, moja kwa kila aina, na uandike kwenye vifuniko kwa maki peni.